Kikapu cha usiku na hela ya lenzi moja

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa hapa Ipagala, Dodoma. Nina Canon 2000D na lenzi iliyokuja nayo, ile 18-55. Ijumaa usiku huwa napiga picha mechi za kikapu za vijana wa mtaani. Uwanja una taa nne za nguzo. Msimu wa harusi naitwa pia kwenye ngoma. Picha zangu ama giza tupu, ama wachezaji wana mikia kama vimondo. Rafiki yangu mmoja anasema ninunue 75-300 niwavute karibu, mwingine anasema ninachokosa ni flashi. Nimejichanga hela ya lenzi moja tu. Ninunue ipi, na kamera niiseti vipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo 75-300 achana nayo. Nunua 50mm f/1.8, na ukiweza kuvumilia miezi michache zaidi ya kujichanga, ifikirie 85mm f/1.8. Rafiki zako wana nia njema, ila mmoja kaangalia umbali na mwingine kaangalia giza, na hakuna aliyeuangalia mwendo.

Fungua picha yako moja mbovu kwenye kompyuta, usome taarifa zake. Nakisia utakuta 55mm, f/5.6 (uwazi wa tundu la lenzi), ISO 1600 (kiasi kamera inavyoukuza mwanga), shata 1/60 (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia). Sasa fikiria mkono wa kijana anayerusha mpira. Mkono huo unaweza kwenda mita 5 kwa sekunde bila mwenyewe kujitutumua. Shata ikikaa wazi kwa 1/60 ya sekunde, mkono umeshasafiri sentimita 8, na sentimita zote hizo zimechorwa kwenye picha. Huo ndio mkia wa kimondo. Kwa 1/500 mkono uleule unasogea sentimita 1. Kwa 1/1000, nusu sentimita, na hapo hata herufi za kwenye mpira zinaanza kusomeka.

Basi kazi yetu ni kuitoa shata kwenye 1/60 kuifikisha 1/500. Kasi imeongezeka kama mara nane, kwa hiyo mwanga unaoingia umepungua kama mara nane. Hilo ni deni, na kuna mifuko miwili tu ya kulilipia: uwazi wa lenzi na ISO.

Namba ya f inasomeka kinyumenyume, ikipungua ndiyo tundu linapanuka. Kutoka f/5.6 mpaka f/2 mwanga unaongezeka mara nane kamili. Umeona? Lenzi ya f/1.8 inalilipa deni lote peke yake, na chenji inabaki, hata ISO hujaigusa. Ukipandisha ISO kutoka 1600 mpaka 3200, unayo 1/1000. Ile 75-300 nayo inaanzia f/4 ikiwa 75mm, na ukiivuta mpaka 300mm inaishia f/5.6. Utakuwa umelipa hela kununua giza lilelile ambalo tayari unalo nyumbani. Tena ukiwa 300mm, na kamera yako, kwa kihisi chake kidogo, inavyokata picha na kuikuza mara 1.6, mtikisiko wa mkono wako mwenyewe utadai kama 1/500 kabla hujamfikiria mchezaji. Usije ukashawishiwa na lenzi yenye kitulizaji cha mtikisiko ukadhani umepona: kitulizaji kinatuliza mkono wako, mchezaji hakimhusu.

Utaniuliza, mbona 50mm haivuti? Haivuti, kweli. Utajivuta wewe. Uwanja wa kikapu una mita 28 kwa 15, si uwanja wa mpira wa miguu. Kaa chini, pembeni kidogo ya ringi, kama mita moja na nusu nyuma ya mstari wa mwisho, baada ya kuongea na waamuzi ili wasikufukuze. Kutoka hapo mpaka mstari wa mitupo huru ni mita 7 na kidogo. Kwa umbali huo, 50mm kwenye kamera yako ukiishika wima inachukua kimo cha mita 3 na ushee: kijana aliyeruka, mkono juu, mpira juu ya mkono, na nafasi kidogo ya kupumua. 85mm mahali hapohapo inachukua chini ya mita 2, yaani miguu imekatwa. Hiyo inafaa kwa nyuso, kwa anayekuja na mpira kutoka katikati, kwa kocha anayefoka upande wa pili. Kwa mtu mwenye lenzi moja naona 50mm inakula picha nyingi zaidi. Ringi ya upande mwingine isahau. Timu zitabadilishana pande mapumziko, subiri.

Usiniamini bure, lakini. Ijumaa hii, kabla hujatoa hata senti, izungushe hiyo 18-55 yako mpaka 50, ifunge na solotepu isizunguke, upige mechi nzima. Zitatoka na mikia, hatujali. Tunaangalia ukubwa wa mtu kwenye fremu. Ukirudi nyumbani hesabu ni picha ngapi ulitamani kuvuta karibu na ngapi ulitamani kurudi nyuma. Wengi wanaofanya jaribio hili hugundua walikuwa wanakaa mbali kwa aibu tu.

Neno moja kwa wenye Nikon wanaosoma hapa. Kama mwili wa kamera yako ni D3500 au D5600, hauna mota ya kuzungusha lenzi, kwa hiyo hakikisha 50mm yako imeandikwa AF-S. Ile ya zamani yenye AF-D itaingia vizuri na itapiga picha, lakini fokasi utaizungusha kwa vidole, na kikapu hakisubiri vidole.

Haya, mipangilio. Weka kidude cha juu kwenye M, yaani kila kitu unakipanga mwenyewe. Najua watu wengi wanaiogopa M, lakini usiku chini ya taa ndiyo hali rahisi kuliko zote, maana taa hazibadiliki kama mawingu. Kamera ikiachiwa ipime yenyewe itahangaika: mbingu nyeusi nyuma ya mchezaji inaiambia kuna giza, jezi nyeupe inaiambia kuna mwanga, na katika mechi moja itakutolea picha za kila aina. Anza na f/2, 1/500, ISO 3200. Fika nusu saa mapema, simama chini ya ringi, nyoosha kiganja chako kiangalie kule taa zinakotoka, kipige picha. Kisha nenda katikati ya uwanja ufanye hivyohivyo. Nguzo nne hazimwagi mwanga sawasawa. Pengine katikati pana giza zaidi na patahitaji ISO 6400. Kariri namba mbili tu, ya ringini na ya katikati. Hakuna nyingine ya kukariri.

Kwenye kukadiria mwanga, angalia nyuso. Hapa ndipo naona vijana wengi wa kwetu wanapoteza picha. Ngozi yetu nyeusi chini ya taa inayotoka juu inatengeneza kivuli machoni, na ukipiga kwa kuogopa jezi nyeupe isiungue, uso unazama kabisa. Halafu mtu anarudi nyumbani anaunyanyua uso kwa programu, na chenga zinatoka kama televisheni ya zamani isiyo na antena. Anasema ISO imemharibia. Hapana, picha ilipigwa giza. Picha ya ISO 3200 yenye mwanga wa kutosha usoni ni safi kuliko ya ISO 800 iliyonyanyuliwa baadaye. Acha jezi ikaribie kuungua. Hakuna mama atakayenunua picha ya mwanawe kwa sababu ya jezi.

Kwa hiyo ISO isikutishe. Kamera yako inafika 6400 kabla ya kulazimishwa, na nimeshachapisha picha za 6400 kwa ukubwa wa karatasi ya A4 bila mteja kuuliza swali. Chenga zinapunguzika. Mkia wa kimondo hauna dawa, hakuna programu itakayourudisha mkono mahali ulipokuwa. Ukibanwa, pandisha ISO kwanza. Shata usiishushe chini ya 1/400.

Fokasi ndiyo itakayokutoa jasho. Kwa f/2 na 50mm, kwa umbali ule wa mita 7, sehemu inayoonekana kali ni kama mita moja na nusu kwa kina. Kwa 85mm ni nusu mita tu: fokasi ikidaka mkono wa beki, mfungaji ameshaingia ukunguni. Weka AI Servo, ili kamera iendelee kumfuata mtu anayesogea, na kati ya nukta tisa za fokasi ulizonazo tumia ile ya katikati peke yake. Ndiyo yenye nguvu, inasoma mistari ya wima na ya mlalo, na gizani zile nyingine zinatangatanga. Ielekeze kwenye namba ya jezi kifuani. Usoni hakuna mistari mingi ya kushika, na jezi isiyo na namba ni kama ukuta uliopigwa chokaa. Kisha ingia kwenye mipangilio maalumu ya menyu, uhamishe kazi ya fokasi kutoka kitufe cha kupigia kwenda kitufe cha nyota kilicho nyuma, chini ya kidole gumba. Wiki ya kwanza utanilaani. Baada ya hapo utaona faida: mwamuzi akikatiza mbele yako unaachia gumba, fokasi inabaki ilipokuwa, na akipita unaendelea kupiga.

Kamera yako inapiga picha 3 kwa sekunde. Ni chache. Ukikandamiza kitufe ukitumaini bahati, kati ya picha na picha kuna theluthi ya sekunde, na ndani ya theluthi hiyo mpira umeshatoka mkononi. Usishindane nayo, piga moja, kwa wakati wake. Mtu akiruka, anapanda kwa kasi, anapunguza, anasimama kidogo, anaanza kushuka. Hesabu ya mwendo inasema nusu ya muda wake wote hewani anautumia kwenye robo ya juu ya mruko. Ndiyo maana warukaji wazuri wanaonekana kama wameelea. Hapo juu kiwiliwili karibu kimesimama, ni mikono tu inayocheza, na 1/500 inatosha na kubaki. Kwa hiyo tazama magoti. Magoti yakikunjuka, hesabu kimoyomoyo nusu pumzi, bonyeza. Ukiusubiri mpira utoke mkononi ndipo ubonyeze, utapata picha ya mtu anayetua.

Kuna jambo moja la taa ambalo litakuchanganya usipolijua. Umeme wetu ni wa 50Hz, na taa nyingi za uwanjani zinapepesa mara mbili ya hapo, mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/500 inaona, kwa sababu inadaka sehemu moja ya tano ya mpepeso: picha moja inatoka ya kawaida, inayofuata ina rangi ya chungwa, ya tatu nusu ya juu ina giza. Watu wameshapeleka kamera kwa fundi kwa ajili hiyo. Jaribu kabla ya mechi, piga ukuta au ubao wa ringi mara kumi bila kubadilisha chochote, uzipitishe haraka kwenye kioo. Zikitoka sawa, una taa nzuri, mshukuru aliyezifunga. Zikibadilika, kamera za juu zina mpangilio wa kusubiri kilele cha mwanga, yako haina. Piga picha mbilimbili kwa kila tukio na uchague. Piga kwa faili ghafi (RAW) ili rangi uirekebishe nyumbani. Mbinu ya kushuka mpaka 1/100, ambapo mpepeso mzima unaingia kwenye picha, inaondoa tatizo na kurudisha vimondo, kwa hiyo kwa kikapu haisaidii.

Flashi, nayo. Kwa kikapu sikushauri: kwenye kamera yako flashi haiendi na shata zaidi ya 1/200, inawapiga vijana machoni wakiwa hewani, na ile ya juu ya kamera haifiki mbali. Isitoshe, 2000D ilitengenezwa bila ile pini ya katikati kwenye sehemu ya kupachika flashi, kwa hiyo zile flashi za bei nafuu za makampuni mengine, zinazotegemea pini hiyo, hazitawaka. Ulikuwa karibu kununua pambo.

Ya ngoma nina kisa. Miaka yangu ya mwanzo niliitwa kwenye sherehe kijijini, upande wa Chamwino, akina mama wanapiga muheme. Wewe ni wa Dodoma, unaijua: ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mikono inashuka kwa zamu, mabega yanacheza, shanga zinaruka shingoni. Wanazunguka na ardhi ni ile yetu kavu, vumbi linapanda mpaka kiunoni. Jua lilikuwa limezama. Nikafunga flashi juu ya kamera, nikapiga picha karibu mia mbili, nikafurahi. Nyumbani nikakuta kila picha ina madoa meupe, makubwa kwa madogo, kama imenyesha mvua ya mawe. Kila chembe ya vumbi iliyokuwa karibu na lenzi ilipokea flashi kabla ya akina mama. Hakuna hata moja niliyowapelekea. Nilirudi mwaka uliofuata bila flashi.

Vumbi hilohilo ukiliweka kati yako na taa, linageuka mali. Zunguka mpaka balbu au moto uwe nyuma ya wachezaji. Vumbi litang'aa kwa nyuma na kuchora ukingo wa mabega. Kwa ngoma 1/250 inatosha, kwani kichwa na kiwiliwili haviendi kasi ya kikapu. Mimi hata hushuka 1/125 kwa makusudi, niuache uso ukiwa mkali na viganja vikiwa na ukungu. Kiganja kilichoganda juu ya ngozi ya ngoma kinaonekana kama kimewekwa tu. Kikicheza kidogo unaisikia ngoma. Hapo utabishana nami ukipenda. Na ndani ya duara 50mm itakubana, hivyo 18-55 usiiuze: ikiwa 18mm uwazi wake ni f/3.5, si haba. Ukiwa na nafasi ya kuchagua saa, kumbuka kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, na likishazama unabaki na dakika kama ishirini za mwanga laini. Baada ya hapo giza linaangukia ghafla. Wapiga picha wa Ulaya wanaandika habari za saa nzima ya dhahabu. Sisi tuna robo saa na ushee, iandae kamera mapema.

Kuhusu kununua: 50mm f/1.8 ya Canon tafuta iliyoandikwa STM, iliyotoka mwaka 2015. Ni nyepesi, gramu 160, inaweza kukaa mfukoni. Ya kabla yake ipo mitaani kwa bei ya chini, ila mota yake inaunguruma na gizani inababaika. 85mm f/1.8 USM ni ya mwaka 1992 na bado inakimbia kama swala, kwa hiyo ya mtumba si vibaya. Tatizo la mtumba ni ilikotoka. Nyingi zinatoka Dar es Salaam, na lenzi iliyokaa pwani kwenye unyevu hupata kuvu. Usitume hela kabla hujaiona. Panda treni uifuate Kariakoo, au mtume ndugu anayejua. Vua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, chungulia kwa mbele kwa kuinamisha: kuvu inaonekana kama nyuzi za buibui zinazotambaa kutoka pembeni. Ukiiona, rudisha, hata wakishusha bei mara tatu. Vumbi chembe mbili tatu ndani halina neno. Kisha ifunge kwenye kamera, weka f/2, piga kitu chenye maandishi umbali wa mita 5, kuza kwenye kioo usome. Rudia mara kumi. Ikikosa mara nne, iache hapohapo dukani.

Hali ya hewa ya hapa kwetu itakusaidia, kuvu haipendi ukavu. Adui wako ni upepo wa kuanzia mwezi wa saba na lile vumbi jekundu. Usibadilishe lenzi pembeni ya uwanja; ingia ndani ya gari au geukia ukuta, kamera ikitazama chini, lenzi mpya ikiwa tayari mkono mwingine, zima kamera kwanza. Na brashi ya kupuliza, ile ya mpira, weka kwenye begi, usipulize kwa mdomo.